Apozisheni katika Kiingereza: maswali ninayoulizwa sana

Nafundisha Kiingereza jijini Nairobi, wanafunzi wa sekondari mchana na watu wazima jioni baada ya kazi. Katika sarufi yote ninayofundisha, apozisheni ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu ni jambo dogo linalobeba mengi: koma moja ikikaa vibaya, idadi ya watoto wa mtu inabadilika. Nimekusanya hapa maswali yanayonijia kila muhula. Mifano ya Kiingereza iko ndani ya alama za usemi.

Apozisheni ni nini hasa?

Ni kuweka nomino mbili, au virai nomino viwili (mafungu ya maneno yanayojengwa juu ya nomino), ubavu kwa ubavu, vyote vikimtaja mtu yule yule au kitu kile kile. Hakuna kitenzi kati yake, wala kiunganishi.

"Wangari Maathai, the founder of the Green Belt Movement, won the Nobel Peace Prize in 2004."

Hapo hakuna watu wawili. Jina limetajwa, kisha mwenye jina akaelezwa ni nani, kisha sentensi ikaendelea na safari yake. Kipande kile cha pili nitakiita kifafanuzi katika ukurasa huu wote.

Jambo hili si geni kwetu. Tunaposema "Bi Zuhura, mama yake Ali, amefika", tumefanya vivyo hivyo. Kwa hiyo jina lisikutishe. Unachojifunza zaidi ni kanuni za Kiingereza za uakifishaji, viwakilishi na vitenzi.

Nitatambuaje kwamba kweli ni apozisheni?

Weka "is", "are" au "was" kati ya vile vipande viwili. "Wangari Maathai was the founder of the Green Belt Movement." Imekubali. Kisha ondoa kipande kimoja uone kama sentensi bado inasimama: "The founder of the Green Belt Movement won the Nobel Peace Prize in 2004." Imesimama.

Sasa linganisha na hii: "The driver, tired and hungry, parked the matatu at Odeon." Koma zipo, lakini "tired and hungry" ni vivumishi. Ukisema "Tired and hungry parked the matatu", umepotea. Hiyo si apozisheni. Na "The driver, together with his conductor, went for tea" pia si apozisheni, kwa kuwa dereva na kondakta ni watu wawili.

Koma niziweke lini, na lini nisiziweke?

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanapokosea kwa sababu walifundishwa kwamba koma ni mahali pa kuvuta pumzi. Koma za apozisheni hazihusiani na pumzi. Jiulize: msomaji angejua namzungumzia nani hata kama ningekiondoa kifafanuzi? Kama angejua, kifafanuzi ni nyongeza tu, na nyongeza huzungushiwa koma. Kama asingejua, kifafanuzi ndicho kinachomtambulisha mtu, na koma haziingii.

Soma sentensi hizi mbili polepole:

"Kenya's third president, Mwai Kibaki, studied at Makerere."

"The former president Mwai Kibaki studied at Makerere."

Rais wa tatu wa Kenya ni mmoja tu. Ukishasema "Kenya's third president", Kibaki ameshatajwa, hata kabla jina lake halijatokea. Jina ni nyongeza, likae kati ya koma. Lakini marais wa zamani ni kadhaa: kuna Jomo Kenyatta, kuna Moi, kuna Kibaki, kuna Uhuru Kenyatta. "The former president" peke yake haimwambii msomaji ni yupi, labda iwe ulishamtaja hapo juu. Jina linahitajika, kwa hiyo koma zinatoka.

Kwa sababu hiyo nawaambia wanafunzi wangu kwamba sarufi peke yake haiwezi kuwajibia swali la koma. Mwandishi lazima aujue ukweli wenyewe. "My brother Otieno lives in Umoja" na "My brother, Otieno, lives in Umoja" zote ni Kiingereza safi. Ya kwanza inaacha nafasi ya kaka wengine. Ya pili inasema kaka ni mmoja tu. Mwalimu anayesahihisha kazi yako hawezi kujua ipi ni sawa mpaka akuulize mko wangapi kwenu.

Koma moja inaweza kuleta shida ya kweli, au ni mambo ya darasani tu?

Chukua kijitabu cha ibada ya mazishi. Wasifu wa marehemu huandikwa kwa Kiingereza usiku, ukazungushwa kwenye kundi la WhatsApp la familia, kila mmoja akaongeza lake, na asubuhi ukapelekwa River Road, mtaa wa wachapishaji jijini, kuchapishwa. Kufikia wakati huo hakuna tena mwenye nafasi ya kuusoma kwa utulivu. Karibu kila wasifu huwa na sentensi kama hii:

"She is survived by her son, Brian, and her daughters Mercy and Faith."

Koma mbili za Brian zinasema mama alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Kama kuna Kevin aliyeketi chini ya hema, amesoma kwenye karatasi ya mazishi ya mama yake mwenyewe kwamba yeye hakuwapo. Upande wa mabinti, kukosekana kwa koma kunaruhusu wazo kwamba wapo wengine zaidi ya Mercy na Faith. Kama ni hao wawili tu, sentensi inataka koma: "her daughters, Mercy and Faith". Kama wavulana ni wawili, usiwatenganishe: "her sons, Brian and Kevin".

Mzee aliyekuwa na wake wawili anahitaji uangalifu zaidi. "He leaves behind his wife, Akinyi" inamfuta mke mwenza kabisa. Andika "his wives, Akinyi and Nafula". Mimi huwasihi watu wazima ninaowafundisha: kabla wasifu haujaenda kwa mchapishaji, mtu mmoja akae na kalamu apitie majina peke yake, koma kwa koma.

Lakini nimeona watu wakiandika "my wife Akinyi" bila koma, na mke ni mmoja. Wamekosea?

Hawajakosea. Wahariri wengi huachilia koma katika mahusiano ya karibu namna hii, hasa kifafanuzi kinapokuwa jina moja fupi. Ukiziacha koma, hakuna aliyedanganywa. Hatari iko upande ule mwingine, kuziweka mahali ambapo watu ni zaidi ya mmoja. Kama huna hakika na una jina fupi, usiziweke.

Kwa nini mwalimu hukata alama ninapoweka koma moja?

Kwa sababu koma za apozisheni hutembea mbili mbili. Ukifungua, funga. "Jomo Kenyatta, Kenya's first president died in 1978" imeacha mlango wazi. Koma ya pili inakaa baada ya "president". Koma hiyo ya pili hupotea tu pale kifafanuzi kinapokuwa mwishoni mwa sentensi, kwa kuwa nukta imeshafanya kazi yake: "The park was saved by one woman, Wangari Maathai."

Kanuni hiyo hiyo hutumika kwenye majina ya mahali. "She was born in Nakuru, Kenya, in a railway family." Koma baada ya "Kenya" husahaulika mno.

Nimeandika sentensi ndefu na nzuri, mwalimu ameandika pembeni kwamba haijakamilika. Kivipi?

Labda uliandika kitu kama hiki: "Wangari Maathai, the first African woman to win the Nobel Peace Prize." Kina jina kubwa, kina habari, kina nukta. Hakina kitenzi kikuu. Kifafanuzi kikiwa kirefu, mwandishi huhisi ameshasema jambo, akaweka nukta na kuendelea. Muulize mtu huyo: alifanya nini? Kama sentensi haijibu, bado iko njiani.

"My father, he is a driver." Hii si apozisheni? "Father" na "he" ni mtu mmoja.

Swali zuri, na naliona katika insha nyingi za hapa Nairobi. Chanzo chake nakifahamu: katika Kiswahili, na katika lugha nyingine za Kibantu zinazosemwa mitaani kwetu, kitenzi lazima kibebe kiambishi cha mtu. "Baba yangu anaendesha gari." Ile "a-" ya "anaendesha" inamrudia baba, na bila hiyo sentensi haipo. Mtu akihamia Kiingereza, sikio lake linadai kitu cha kujaza nafasi hiyo, naye anajaza "he".

Kiingereza sanifu cha maandishi hakihitaji. "My father is a driver" inatosha. Katika mazungumzo hata Waingereza wenyewe huongeza "he" hiyo wanapotaka kukazia, lakini kwenye barua, ripoti au mtihani, iondoe. Apozisheni huongeza habari mpya juu ya mtu, na "he" haiongezi chochote.

"Wairimu and I" au "Wairimu and me"?

Inategemea ubavuni mwa nani umekaa. Kiwakilishi kilicho ndani ya kifafanuzi huchukua umbo linalofaa nafasi ya nomino kinayoifafanua.

"Two parents, Wairimu and I, thanked the headteacher." Wazazi wawili ndio kiima, yaani ndio wanaoshukuru, kwa hiyo "I".

"The headteacher thanked two parents, Wairimu and me." Hapa wazazi ni shamirisho, wanashukuriwa, kwa hiyo "me".

Wengi wetu tuligombezwa shuleni kwa kusema "me and my friend", tukatoka pale tukiamini kwamba "I" ndiyo yenye adabu kila mahali. Si kweli. Ondoa wengine wote ubaki peke yako: "The headteacher thanked I" haiwezekani. Sikio lako litakuamulia mara moja.

Kanuni hiyo inatawala pia "we" na "us" zinapotangulia nomino. Barua za wakazi kwa serikali ya kaunti huanza "Us residents of this estate demand water", na hapo ni "We residents", kwa kuwa wakazi ndio wanaodai. Lakini "The county has forgotten us residents" ni sahihi. Katiba ya Kenya ya 2010 yenyewe inafunguliwa kwa apozisheni ya aina hii: "We, the people of Kenya". Isome ukiwa na sikio la sarufi. "We" ndiyo inayosimama, na "the people of Kenya" inaeleza hao "we" ni akina nani. Ni mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu kila mwanafunzi wangu yumo ndani yake.

Kitenzi kifuate kipande kipi, cha kwanza au cha pili?

Cha kwanza, ambacho ndicho kiima.

"My only inheritance, two goats and a bicycle, was sold."

"The two goats, my only inheritance, were sold."

Kifafanuzi kinaweza kuwa kirefu na chenye wingi, kisikuvute.

Nikitaka kuonyesha umiliki, ile alama ya 's naibandika wapi?

Mara moja tu, mwishoni mwa kipande cha pili: "my friend Kamau's phone". Koma zikiwapo, sentensi inakuwa nzito mdomoni na machoni, kwa hiyo igeuze tu: "the phone of my eldest sister, Wanjiru". Usihangaike zaidi ya hapo.

Je, "the city of Nairobi" nayo ni apozisheni?

Wanasarufi wengi huiweka katika jamaa hiyo. Jiji ndilo Nairobi, na Nairobi ndiyo jiji; "of" hapo haionyeshi umiliki. Vivyo hivyo "the month of April". Haichukui koma kamwe.

Kuna apozisheni inayoanza na "that". Nitaitofautishaje na kishazi rejeshi, kile kinachorejea nomino iliyotangulia na kuieleza?

Hili huwasumbua hata walimu, kwa hiyo chukua muda. Linganisha:

"The rumour that fares had gone up reached Githurai before noon."

"The rumour that we heard in Githurai was false."

Katika ya kwanza, kishazi ndicho uvumi wenyewe. Uvumi ulisemaje? Kwamba nauli imepanda. Ukiweka "is" kati yake, inakubali: "The rumour is that fares had gone up." Hiyo ni apozisheni, ila kifafanuzi ni kishazi kizima badala ya nomino. Katika ya pili, hatujaambiwa uvumi ulisema nini. Tumeambiwa tu kwamba tuliusikia Githurai.

Kipimo cha haraka ni kubadilisha "that" na "which". "The rumour which we heard in Githurai" inapita. "The rumour which fares had gone up" haipiti hata kidogo. Nomino zinazopenda apozisheni hii ni chache na zinafanana: "fact", "news", "idea", "belief", "hope", "rumour", zile zinazobeba ujumbe ndani yake.

Naweza kutumia dashi, koloni au mabano badala ya koma?

Ndiyo, na mara nyingine inabidi. Kifafanuzi chenye koma zake ndani hakifai kuzungushiwa koma nyingine, msomaji atashindwa kujua ipi inafungua na ipi inafunga. Tumia dashi:

"Three rivers — the Nairobi, the Ngong and the Mathare — run through the city."

Orodha ikija mwishoni, koloni inafaa: "Three rivers run through the city: the Nairobi, the Ngong and the Mathare." Mabano hupunguza sauti ya kifafanuzi, dashi huipandisha.

Kuna mtego mmoja wa kuangalia. "I met Wanjiru, a nurse, and Hassan." Umekutana na watu wawili au watatu? Wanjiru ndiye muuguzi, au kuna muuguzi ambaye hukumtaja jina? Sentensi inaruhusu zote mbili. Hapa sipendekezi apozisheni kabisa. Andika "I met Hassan and Wanjiru, who is a nurse" na utata umeisha.

Kifafanuzi kinaweza kutangulia, kabla ya jina?

Kinaweza, na kinapendeza: "A railway depot in 1899, Nairobi is now home to millions." Sharti ni moja, nalo halina msamaha: nomino inayofuata koma lazima iwe ndiyo inayofafanuliwa. Barua za kuomba kazi huangukia hapa. "A holder of a diploma in catering, my dream is to work in your hotel." Kulingana na sentensi hiyo, ndoto ndiyo yenye diploma. Lete mwombaji mwenyewe karibu na koma: "A holder of a diploma in catering, I am applying for the post of cook." Kama unatuma barua wiki hii, angalia mstari wake wa kwanza sasa hivi.

Vyeo je? "President", "Doctor", "Mwalimu"?

Cheo kinachoambatana na jina ni sehemu ya jina, hakina koma: "President Kibaki", "Doctor Achieng", "Mwalimu Nyerere". Kikipata "the" na kufuatwa na jina, rudi kwenye kanuni ya kwanza ya yupo mmoja au wengi.

Katika KCSE apozisheni hutokea wapi?

Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, sarufi hupimwa mwishoni mwa Karatasi ya Pili ya Kiingereza, alama 15 kati ya 80. Apozisheni hujitokeza hasa pale unapotakiwa kuunganisha sentensi mbili ziwe moja, mathalani:

"Eliud Kipchoge is a Kenyan runner. He won the Olympic marathon in Rio in 2016."

Wanafunzi wengi hujibu "Eliud Kipchoge, who is a Kenyan runner, won the Olympic marathon in Rio in 2016." Hiyo ni sentensi sahihi, ila imetumia kishazi rejeshi. Swali likitaka apozisheni, futa "who is" na uache mengine yote kama yalivyo: "Eliud Kipchoge, a Kenyan runner, won the Olympic marathon in Rio in 2016." Hakikisha "he" ya sentensi ya pili imetoka, na koma zote mbili zimebaki.